Asiyejali na Asiyejitafutia



Katika kikao kimoja cha Halmashauri ya Mtaa, lilipoletwa shauri la kununua mabati ya ukumbi, mzee mmoja alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba katika jambo hili yeye ni 'disinterested'. Kisha akaketi, akafungua gazeti lake. Kijana mwandishi wa kumbukumbu akaandika neno lile kama lilivyotamkwa, na wajumbe wakatazamana. Je, mzee alitaka kusema kwamba hauzi mabati, wala hana shemeji auzaye mabati, na kwa hiyo aweza kuamua kwa haki? Au alitaka kusema kwamba habari za mabati zimemchosha? Neno lake lilisema la kwanza, lakini gazeti lake lilisema la pili.

Sisi tuliokula vumbi la chaki miaka mingi katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba 'uninterested' na 'disinterested' ni kama mapacha wasiofanana tabia. Yote mawili yana shina moja, na yote mawili yametanguliwa na kiambishi cha kukanusha. Lakini la kwanza ni la mtu asiyejali: jambo halimgusi moyo, na lipite tu. La pili ni la mtu ambaye hana faida yake iliyofichwa ndani ya jambo. Likienda huku hapati kitu, likienda kule hapotezi kitu. Mtu wa namna hii ndiye tunayemtaka awe hakimu, awe msimamizi wa mtihani, awe mhesabu wa sadaka. Hakimu wa namna ya kwanza husinzia mahakamani.

Viambishi vyenyewe ni vya koo mbili. 'Un-' ni cha Kiingereza cha kale, na kazi yake mbele ya neno kama hili ni kusema 'siyo' tu. 'Dis-' kilitoka katika Kilatini, kikapitia Kifaransa, na mara nyingi huonyesha kuondoa kilichokuwapo, kama mtu anyang'anywavyo silaha. Kiswahili chetu kinaijua sana tofauti hii. Mtu ambaye hakufunga mlango si sawa na mtu aliyeufungua, na yule ambaye hakupakia mzigo si sawa na yule aliyeupakua. Twasema ziba na zibua, kunja na kunjua, tata na tatua. Basi asiyejali ni yule ambaye moyo wake haukufungwa na jambo hata kidogo. Asiyejitafutia ni yule aliyeifungua kamba ya faida yake, akawa huru. (Tulitaka kuandika kwamba 'amejifungua', lakini akina mama wa Umoja wangetucheka mwaka mzima.)

Hata hivyo tusimcheke mzee wetu kupita kiasi. Katika karne ya 17 Waingereza wenyewe waliyatumia maneno haya kinyume na tunavyofundishwa leo: 'disinterested' likatumika kwa asiyejali, na 'uninterested' likatumika kwa asiye na upande. Yalibadilishana nafasi baadaye, na mpaka leo wako Waingereza wengi wanaoyachanganya, na walimu wao wanaokasirika. Shina lenyewe latokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni kuwa kati, yaani jambo lililo kati ya mtu na mtu na lenye uzito kwao. Kutoka hapo likapata maana ya fungu la mtu katika mali, kisha riba ya fedha. Maana ya kupendezwa na jambo ilifuata nyuma. Sisi tuna maslahi, tuna fungu, tuna riba, tuna shauku, kila neno na chumba chake. Katika hili Kiswahili kimewapita.

Lakini hatukuchukua kurasa hizi za gazeti letu ili kufundisha Kiingereza. Maandiko Matakatifu yana watu wa aina zote mbili, na mmoja wao ametusumbua kwa muda mrefu.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 18. Galio alikuwa liwali wa Akaya, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi huko Ugiriki yanatujulisha kwamba alikuwa katika kazi hiyo karibu na mwaka 51 au 52. Alikuwa ndugu wa Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma. Wayahudi wa Korintho walimleta Paulo mbele ya kiti chake cha hukumu wakimshtaki. Galio hakumwacha Paulo hata afumbue kinywa kujitetea. Aliona kwamba ni mashindano ya maneno na majina na sheria yao wenyewe, akakataa kuhukumu, akawafukuza. Mpaka hapo twaweza kumsifu. Hakuhongwa, hakuogopa kelele, hakutafuta sifa kwa upande wowote. Kisha watu wakamshika Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga pale pale mbele ya kiti cha hukumu. Na Luka anatuambia kwamba Galio hakuyajali mambo hayo.

Ndugu zangu, mtu alikuwa akipigwa umbali wa hatua chache kutoka katika miguu ya hakimu. Galio hakuwa na faida katika fimbo zile, wala hakuwa na hasara. Alikuwa na uhuru wote wa kutenda haki, akautumia kwa kutazama pembeni.

Jambo la namna hii tumeliona karibu nasi, na hatutataja mahali wala watu. Mama mmoja alifiwa na mumewe, akabaki na watoto wanne, nyumba, migomba na kisima ambacho yeye na marehemu walikichimba kwa mikono yao. Ndugu za marehemu wakadai shamba. Ikaamuliwa wazee kumi wa kanisa waitwe ili wasikilize pande zote kabla jambo halijafika mahakamani. Siku ilipofika walikuja wanne. Watatu kati yao mashamba yao yalipakana na shamba lile. Wale sita wasiokuja walikuwa na maneno yao: mmoja alisema hayo ni mambo ya ukoo, mwingine alisema yeye hataki kuingia katika ugomvi wa watu, mwingine alisema tu kwamba halimhusu. Baraza likakaa kwa saa mbili. Mama yule akaachiwa nyumba na kipande cha nyuma ya nyumba, na mpaka mpya ukapita upande wa huku wa kisima. Leo hununua maji kwa ndoo kutoka katika kisima alichosaidia kukichimba.

Tulipozungumza baadaye na mmoja wa wale sita, alituambia kwa dhamiri safi kabisa kwamba yeye hakula kitu cha mtu. Ni kweli. Hakula. Katika wazee kumi walioitwa, sita walikuwa hawana hata mgomba mmoja wa kupata katika shauri lile, na wote sita walikaa nyumbani kwao. Wale waliokuwa na faida ya kutafuta hawakusahau siku wala saa.

Hapa ndipo tofauti ya maneno yale mawili inapokuwa jambo la wokovu wala si la kamusi. Mtu anaweza kujisifu kwamba hana upande, kumbe hana moyo. Na kinyume chake kipo pia. Bwana wetu, katika Yohana sura ya 10, anamtaja mtu wa mshahara, ambaye humwona mbwa-mwitu akija akawaacha kondoo na kukimbia. Huyu ana faida yake katika kundi, maana mshahara wake unatoka humo, lakini kondoo wenyewe hawamo moyoni mwake. Twafikiri huyu ni afadhali kidogo kuliko Galio, kwa sababu angalau mshahara ulimfikisha malishoni. Pilato naye alinawa mikono mbele ya watu kana kwamba hana lake katika jambo lile, na wakati huo huo walikuwa wamekwisha kumtisha kwa jina la Kaisari. Alikuwa na lake, tena kubwa.

Je, yuko mtu aliyejali bila kujitafutia? Wengi watamtaja Msamaria, na ni sawa, lakini yeye ni wa mfano. Tutamtaja mtu aliyeishi, tena wa Kanisa letu la Kianglikana.

Granville Sharp alikuwa karani wa serikali katika ofisi ya silaha huko London, mjukuu wa Askofu Mkuu wa York. Hakuwa mwanasheria wala tajiri. Ndugu yake William alikuwa daktari aliyewatibu maskini bure kila asubuhi katika mtaa uitwao Mincing Lane. Siku moja mwaka 1765 Granville alimkuta mlangoni pale kijana Mwafrika, Jonathan Strong, mtumwa aliyeletwa kutoka Barbados. Bwana wake, mwanasheria jina lake David Lisle, alikuwa amempiga kichwani kwa bastola mpaka macho yakaanza kupofuka, kisha akamtupa njiani kama chombo kilichovunjika. Ndugu wale wawili wakampeleka hospitali ya St Bartholomew, akakaa huko zaidi ya miezi minne. Alipopona wakamtafutia kazi kwa muuza dawa.

Mambo yangeweza kwisha hapo, na ingekuwa sadaka njema. Lakini mwaka 1767 Lisle alimwona yule kijana njiani, mzima na mwenye nguvu. Akamuuza kwa pauni 30 kwa mwenye mashamba wa Jamaika, akamtia kizuizini akingoja meli. Strong akafikisha habari kwa Sharp, na Sharp akaenda kwa Meya wa London, naye akaamuru kijana aachiliwe. Ndipo wale wawili wakamshtaki Sharp mwenyewe kwa kuwanyang'anya mali. Mawakili wake wakamwambia kwamba sheria haiko upande wake. Akanunua vitabu vya sheria, ambavyo alikuwa hajapata kuvisoma maishani mwake, akasoma kwa karibu miaka miwili baada ya saa za kazi. Mwaka 1769 akachapisha kitabu kuonyesha kwamba sheria ya Uingereza haiutambui utumwa katika nchi ile. Mwaka 1772, katika kesi ya James Somerset, Jaji Mkuu Mansfield akaamua kwamba bwana hawezi kumshika mtumwa kwa nguvu na kumtoa Uingereza. Uamuzi ule haukuvunja utumwa katika visiwa vya mashamba, wala tusiukuze kupita ulivyokuwa, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Sharp alipata nini? Hasara ya fedha na usingizi. Mwaka 1776 aliiacha hata kazi yake ya ukarani, kwa kuwa hakutaka mkono wake upeleke silaha za kuwapigia Wamarekani. Hakuwa na ndugu Barbados, wala shamba, wala deni la kulipwa. Jambo la Jonathan Strong halikumhusu kwa njia yoyote ambayo mahakama ingeitambua. Likamhusu.

Na kwa kuwa tumelitaja Kanisa letu kwa sifa, hatuna budi kulitaja na kwa aibu. Mwaka 1710 mtu tajiri aitwaye Christopher Codrington alifariki, akawaachia S.P.G., yaani chama cha Kanisa la Uingereza cha kueneza Injili, mashamba yake ya miwa huko Barbados pamoja na watumwa wake. Katika miaka ya kwanza watumwa wale walipigwa chapa ya moto kifuani yenye jina la chama. Mwaka 1783 Askofu Beilby Porteus alihubiri mbele ya wakuu wa chama akiwasihi wabadili hali ya watumwa wa Codrington, na mashauri yake yakakataliwa. Hawakuwa watu wasiojali Injili. Walikuwa wakipeleka wamisionari ng'ambo ya bahari. Lakini miwa ilikuwa imesimama kati yao na ukweli. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwaweka huru watumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa fidia, na watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Chama kile kilipokea zaidi ya pauni 8,800. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwezi Februari 2006.

Hapo msomaji aweza kuuliza, na ni swali la haki: je, yuko mtu aliye huru kabisa na faida yake? Hata Sharp, je, hakutumaini thawabu mbinguni? Swali hili si geni. Shetani alilileta mbele za Mungu katika sura ya kwanza ya kitabu cha Ayubu, aya ya 9, alipouliza kama Ayubu anamcha Mungu bure.

Tuliangalie neno hili 'bure', kwa maana Kiswahili kimetupa hazina. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Na kazi ya bure ni kazi isiyofaa kitu, kazi iliyopotea. Kiebrania nacho kina neno moja, 'hinam', lenye maana zote mbili, ya kutolipwa na ya kutokuwa na sababu. Shetani alilitumia katika swali lake. Kisha katika sura ya 2, aya ya 3, Mungu alimrudishia neno lile lile: kwamba alichochewa dhidi ya Ayubu 'hinam', pasipo sababu. Shetani haamini kwamba kuna kitu cha bure ulimwenguni. Kwake kila sala ni biashara na kila sadaka ni amana. Na tukisema kweli, mara ngapi sisi wenyewe tumesema hivyo juu ya jirani aliyejitolea? 'Huyu anatafuta kitu.' Ni sauti ya Shetani ya sura ya kwanza.

Kanisa limegombana juu ya jambo hili. Huko Ufaransa Askofu Mkuu Fénelon wa Cambrai alitoa kitabu mwaka 1697 akifundisha kwamba roho yaweza kufikia upendo safi, usioangalia hata furaha yake mbinguni. Askofu Bossuet akampinga vikali. Mwaka 1699 Papa Innocent wa 12 akayahukumu mafundisho 23 ya kitabu kile, na Fénelon akaitii hukumu hiyo na kuitangaza mwenyewe kwa watu wake. Kwetu Waanglikana, Joseph Butler, aliyekuja kuwa Askofu wa Durham, alichapisha hotuba zake mwaka 1726 akionyesha kwamba kujipenda kwa kiasi na kumpenda jirani si maadui. Mtu mwenye njaa anataka chakula, hafikiri 'faida yangu'. Vivyo hivyo mwenye huruma anataka mwenzake apone, na furaha anayoipata baadaye haikuwa ndiyo shabaha yake. Sisi twaona kwamba Butler amesema vizuri kuliko wale wawili. Hatumkatazi mtu kuitumaini mbingu. Twamkataza kuiuza haki ya mjane ili aipate.

Kwa kazi za mtaa, basi, mambo haya yana njia yake, na wala si ngumu. Mjumbe mwenye duka asiseme kitu shauri la duka linapoletwa. Aseme wazi kwamba ana lake, atoke nje, na mwandishi aandike kwamba ametoka. Hilo si tusi kwake. Lakini wale wanaobaki ndani, ambao hawana duka, wasifungue magazeti. Wao ndio walioitwa. Na wazee wakiitwa tena kusikiliza shauri la shamba, waanze kuhesabiwa wale wasiopakana nalo, na asiyefika aulizwe sababu.

Turudi kwa Ayubu kabla hatujaishiwa nafasi, maana rafiki zake hutusumbua karibu kama Galio. Elifazi, Bildadi na Sofari hawakuwa watu wasiojali. Walitoka mbali, wakararua nguo, wakakaa chini pamoja naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Wangapi kati yetu wangekaa hata siku moja? Lakini walikuwa na lao. Walikuwa na mafundisho yao ya kulinda, kwamba ateswaye ametenda dhambi, na vidonda vya Ayubu viliyahatarisha. Ayubu aliwaambia katika sura ya 13 kwamba wanampendelea Mungu na kumtetea kwa uongo, kama mashahidi walionunuliwa. Na mwishoni Mungu alikasirika, akasema hawakunena yaliyo sawa juu yake.

Ndipo Mungu akawaagiza waende kwa Ayubu, naye awaombee. Msome sura ya 42 kwa utaratibu nyumbani, hasa aya ya 10. Wakati ule Ayubu alikuwa bado hana watoto, wala ng'ombe, wala punda. Alikuwa ameletewa watu watatu waliomwita mwenye dhambi mchana kutwa, na akatakiwa kuwaombea wasamehewe. Hatusomi popote kwamba aliahidiwa chochote kwa sala ile. Akawaombea.